Ngome ya Mjomba: Pinboli Imefika Mkomani

Mashine ya pinboli ikiwekwa nyumbani, ninachotaka kwanza ni kwamba mgeni aliyekuja kunywa kahawa tu aisimamie, aitazame, na ajue bila kuambiwa anatakiwa kupiga nini. Ukubwa wa skrini, wingi wa taa na urefu wa kanuni kwangu vinakuja nyuma. Kwa kipimo hicho, Medieval Madness aliyoileta mjomba wangu hapa Mkomani, Lamu, imefaulu kuliko nilivyotarajia. Imenikera pia, na nitasema wapi.

Kwa asiyeijua pinboli: ni sanduku refu lenye miguu minne ya chuma, juu lina kioo, na chini ya kioo kuna ubao ulioinama kwa takriban nyuzi 6.5. Golori ya chuma ya gramu 80 hivi inarushwa hadi juu ya ubao, kisha inaanza kushuka. Wewe unaizuia kwa flipa mbili, vijiti vya kupigia golori vilivyoko chini, zinazoitika ukibonyeza vitufe vya ubavuni. Ikipenya katikati ya flipa, imekwenda. Kwa kawaida unapewa golori tatu, basi.

Mchezo wenyewe si wa jana. Ulibuniwa na Brian Eddy na kutolewa na kampuni ya Williams ya Chicago mwaka 1997. Zilitoka mashine zaidi kidogo ya 4,000, na 1999 Williams ikaacha kabisa kutengeneza pinboli. Waliozipenda wakabaki kugombania zilizopo kwa bei za ajabu, mpaka kampuni ya Chicago Gaming ilipoanza kuziuza upya mwaka 2015: ubao uleule na kanuni zilezile, ila balbu zimekuwa LED na elektroniki ya ndani ni ya kisasa. Ya mjomba ni hii ya uzao wa pili. Aliinunua Dubai alikokuwa akifanya kazi, na alipoamua kurudi nyumbani akakataa kuiacha.

Kuifikisha ilikuwa shughuli. Kutoka Mombasa ilipanda lori, ikapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo barabara ndiyo mwisho wake. Ikashushwa ndani ya mashua kwa kamba na kelele, ikavuka, na kutoka gatini ikasukumwa kwa mkokoteni, maana Mji wa Kale hauna gari la kubeba mzigo wa zaidi ya kilo mia moja kama huu, na punda aliyetazamwa kwa ajili ya kazi hiyo alitutazama na yeye. Kilichotuokoa ni kwamba miguu ya mashine hufunguliwa, na kichwa chake, lile sanduku la nyuma lenye picha na alama, kina bawaba na hulazwa juu ya kiwiliwili. Bila hivyo isingekata kona za vichochoro vyetu. Mjomba alitaka ipande orofani. Mahamali wakaiangalia ngazi, wakamwangalia mjomba, na mashine ikakaa msana wa tini, yaani sebule ndefu ya chini.

Wanaozijua nyumba za mawe za Lamu watauelewa ugumu wake. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kiasi cha mita mbili na nusu au kidogo zaidi. Mashine ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na mbele yake lazima asimame mtu, na nyuma ya huyo mtu wanasimama watoto wanaosubiri zamu. Ikawekwa kufuata urefu wa chumba, mgongo ukutani. Sakafu nayo imekwisha kuzama upande mmoja kabla hata babu yangu hajazaliwa. Fundi seremala akaja na pimamaji, akazungusha skrubu za miguu asubuhi nzima, mguu huu juu, ule chini, mpaka golori ikaacha kujivuta kushoto.

Hapo ndipo mimi na mjomba tulipobishana kwa mara ya kwanza. Yeye alitaka ubao ulale zaidi, golori iende polepole, watoto wafaidi. Mimi nilisema hapana, na bado nasema hapana. Ubao uliolala sana unaifanya golori ielee na kuzurura, na anayecheza hapati ule mshtuko unaomfanya arudie. Afadhali mtoto apoteze golori mapema kwenye ubao unaokwenda kasi yake. Fundi aliniunga mkono, labda kwa sababu hakutaka kuzungusha skrubu tena.

Sasa ngome. Iko katikati, juu kidogo, inakutazama usoni. Mbele yake kuna daraja la kuinuka lililofungwa. Unalipiga kwa golori mara kadhaa, linashuka kwa mota, na nyuma yake kuna lango. Unaligonga lango mpaka lifunguke, kisha unaingiza golori ndani kabisa, na hapo ngome inatetemeka, minara inayumba na kuporomoka, taa zinachachamaa. Umebomoa moja. Zipo sita, kila moja na mtawala wake, na kila ijayo ni ngumu kuliko iliyotangulia. Pande mbili za ngome kuna rampu, yaani njia za kupanda, mbali zaidi kuna njia za kuzunguka, kuna manati, na kuna shimo la mchawi linalokupa zawadi usizozitarajia. Hayo yote yana kanuni zake, na ukiyakamilisha pamoja na ngome unafikia vita vya mwisho vya kugombea ufalme. Sijaviona vita hivyo. Sioni haya kusema hivyo, wala siamini kwamba mchezaji wa nyumbani anapungukiwa kwa kutoviona, kwa sababu ngome moja tu inatosha kumfanya mtu mzima apige ukelele mbele ya wakwe.

Na huu ndio uhodari wa Brian Eddy kwa maoni yangu: kitu kinachotamanika zaidi kimewekwa mahali panapoonekana zaidi, na mahali hapohapo ndipo pa hatari zaidi. Ukiipiga ngome ukakosea kidogo, golori inadunda kwenye daraja au ukingoni na kurudi moja kwa moja katikati ya flipa, hata nafasi ya kuisindikiza huna. Kwa hiyo kila pigo ni uamuzi. Niipige sasa, au nipite kwanza kwenye rampu ambako golori hurudishwa taratibu hadi kwenye flipa? Vijana wanapiga ngome. Siku zote wanapiga ngome.

Anayetushinda wote ni mkaza mjomba. Yeye anacheza baada ya adhuhuri, nyumba ikiwa imetulia, na hana haraka na mtu. Golori ikishuka, anainua flipa na kuiacha imeinuliwa, golori inakuja na kutulia kwenye pembe ya flipa kama mtoto aliyebebwa. Anaitazama. Anajifuta jasho. Kisha anaiachia iteleze kidogo na kuipiga pale anapotaka. Aliyekwisha kucheza keram atajua kwamba hapo kazi ni ya jicho na pembe. Nguvu haiingii. Kuna ujanja mwingine aliougundua mwenyewe: golori ikianguka kwenye flipa, asiiguse, aiache idunde na kuvuka hadi flipa ya pili ikiwa imepunguza mwendo. Sisi wanaume tunabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja kwa hofu, halafu tunaisukuma mashine kwa nyonga. Mashine ina dawa ya hilo. Ndani yake kuna timazi ndogo ya chuma inayoning'inia katikati ya pete. Ukitikisa kupita kiasi timazi inagusa pete, unaonywa, na ukiendelea flipa zinakufa huku golori ikipita mbele ya macho yako. Shemeji yangu bado anadai mashine imeharibika.

Kilichonikera ni mdomo wake. Mashine inasema mno. Watawala wa ngome wanatukana, mazimwi mawili yanachomoza kutoka chini ya ubao na kukudhihaki, na mizaha yote ni ya Kiingereza cha kuigiza, lafudhi juu ya lafudhi. Kwa Mmarekani huenda ndiyo raha yenyewe. Kwetu, wazee hawaielewi, na watoto wanaielewa vizuri mno na kuirudia mezani. Mazimwi yenyewe nayapenda: kitu kinachotoka chini ya ubao ghafla hakihitaji mkalimani. Sauti, basi, tumeipunguza kwa vitufe vilivyo ndani ya mlango wa sarafu, na ukiadhiniwa tunaizima kabisa mashine. Golori juu ya mbao, mlio wa koili, kengele: hizo zinatosha.

Huo mlango wa sarafu nao ulituletea maneno. Mashine imewekwa kwenye mchezo wa bure, hakuna anayetia shilingi, lakini jirani aliyepita dakani na kuuona alisikika akisema mjomba amefungua kamari. Simlaumu. Nchi hii imeona vile visanduku vya sarafu vikisambaa vibandani na kuwamaliza watoto, na serikali ikivikamata na kuviharibu. Wala si sisi wa kwanza kushuku. Pinboli za mwanzo hazikuwa na flipa. Unairusha golori na kuiachia bahati, na watu walicheza kwa fedha. Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga marufuku, na polisi wakazivunja kwa nyundo. Flipa zilikuja 1947, katika mashine ya kampuni ya Gottlieb, na zikabadilisha kila kitu kwa sababu sasa mikono yako ina kazi, lakini marufuku ya New York iliendelea hadi 1976. Mwaka huo mwandishi mmoja, Roger Sharpe, aliitwa kucheza mbele ya madiwani. Alitaja njia ambayo golori itapita kabla ya kuirusha, akairusha, ikapita. Marufuku ikaondolewa. Nilimsimulia jirani kisa hiki barazani. Akasema huyo Sharpe alikuwa na bahati. Siku nyingine mkaza mjomba alimkaribisha mke wake, na sasa maneno ya kamari hayasikiki, ingawa jirani mwenyewe bado hajaingia.

Adui wa kweli wa mashine hii hapa kwetu ni hewa. Chumvi haichagui, inakula bawaba, vikombe na simu, itaiacha mashine? Skrubu za nje zimeanza kutia wekundu. Golori ikipoteza ung'avu inageuka msasa, inakwaruza ubao inapopita, kwa hiyo lazima ibadilishwe na ubao ufutwe na kupakwa nta. Pete za mpira zinazozunguka nguzo hukauka na kupasuka, na hazipatikani Lamu wala Mombasa kwa ninavyojua. Zinaletwa na anayesafiri. Umeme wenyewe haukuwa tatizo kwa kuwa mashine ilinunuliwa Dubai, ambako volti hazitofautiani na zetu. Aliyeagiza ya soko la Marekani aulize kwanza kama inakubali volti 240 za hapa. Stima ikikatika katikati ya mchezo, alama zako zimekwenda, na ni dua tu.

Nilipomtembelea mjomba Dubai niliwahi kucheza mashine za sasa, zenye skrini kubwa kichwani. Nyingine, kama zile za kampuni ya Stern tangu 2021, huunganishwa na intaneti, unaskani msimbo na alama zako zinahifadhiwa kwa jina lako. Ni nzuri kwa mtu anayezama ndani ya kanuni mwezi baada ya mwezi. Lakini skrini inakueleza la kufanya wakati macho yako yanatakiwa kuwa kwenye golori, na mgeni wa kahawa hana huo mwezi. Ngome haikuelezi kitu. Imesimama pale. Watoto wa mtaa hata jina la mashine hawalijui, wanaambiana twendeni ngomeni, na wazazi wanadhani wamekwenda kwenye Ngome ya Lamu, ile iliyokamilika 1821, iliyokuwa jela hadi 1984 na leo ni makumbusho.

Je, ningenunua mimi? Bei ni maelfu ya dola kabla hujaihesabu meli, ushuru, lori, mashua na mahamali. Kwa fedha hizo ningenunua injini ya boti bila kufikiri mara mbili, na jioni ningekuja kucheza kwa mjomba. Yeye ameshaanza kuulizia ya pili, yenye skrini, aiweke upande wa pili wa msana. Nimemwambia kama fedha zinamwasha, alete golori za akiba, pete za mpira za kutosha na feni nzuri, kwa sababu Kaskazi ikianza kuvuma ule msana haukaliki.