Kabla ya kumlaumu mgonjwa, tutafute chanzo cha ugonjwa

Mtu akisema ana vidonda vya tumbo, ushauri humjia kila upande: punguza mawazo, acha pilipili, usikae na njaa. Wanaomwambia hivyo wanamtakia mema. Lakini ndani ya ushauri huo mna hukumu, kwamba maradhi kajitakia mwenyewe, na mgonjwa huisikia hata kama haikutamkwa. Naipinga tabia hii kwa sababu inaumiza. Zaidi ya hapo, mara nyingi inamkosesha mtu tiba.

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba vidonda vinatokana na mawazo na wingi wa tindikali. Mgonjwa alipewa dawa ya kupunguza tindikali, akapata nafuu, akiacha kidonda kikarudi. Wengine walifikia kukatwa sehemu ya tumbo. Huko Perth, Australia, mtaalamu wa patholojia Robin Warren alikuwa akiona bakteria waliojipinda kwenye vipande vya nyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Yeye na daktari kijana, Barry Marshall, walijaribu kuwaotesha maabara wakashindwa, kwa kuwa sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Mwaka 1982 sikukuu ya Pasaka ikaingia kati, sahani zikakaa muda mrefu zaidi, na waliporudi wakawakuta bakteria wameota.

Wengi hawakuwaamini. Ndipo mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi uliojaa bakteria hao. Siku chache baadaye alianza kutapika, pumzi ikawa inanuka, na kamera iliyopitishwa hadi tumboni ikaonyesha utando umevimba kwa uvimbe wa maambukizi. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, huishi penye tindikali kali kwa kutengeneza amonia inayoizimua tindikali iliyo karibu naye. Huuawa kwa antibiotiki zaidi ya moja zinazotolewa pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa wiki moja hadi mbili. Kumwambia mtu mwenye maambukizi haya apunguze mawazo, basi, ni kumwacha na bakteria wake.

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizi hupunguza kemikali zinazolisaidia tumbo kujitengenezea ute wa kujikinga. Hebu mfikirie mtu mwenye maumivu ya mgongo: asubuhi anameza diklofenaki, jioni tumbo linawaka, anakunywa dawa ya kutuliza tindikali, kesho anarudia yote mawili. Hatapona kwa mtindo huo, na hakuna atakayegundua kama hakuulizwa ni vidonge gani anavyomeza.

Lipo jambo ninalokubali. Watu wengi sana duniani wana bakteria huyu, na wengi wao hawapati vidonda kamwe. Aina ya bakteria, uvutaji wa sigara na maumbile ya mtu mwenyewe vyote vina mchango. Chanzo cha ugonjwa si lazima kiwe kimoja, nasi hatupendi jibu la namna hiyo. Tunataka kosa moja la mtu mmoja.

Presha ndiyo inayotushinda zaidi hapo. Kwa wagonjwa walio wengi haipatikani sababu moja ya kuinyooshea kidole: umri, urithi, chumvi, uzito na pombe hushirikiana polepole. Halafu haiumi. Mtu anaweza kutembea na presha ya juu miaka mingi bila hata kuumwa kichwa, huku mishipa, moyo na figo vikiharibika. Anayengoja kuumwa ndipo apime anangoja kitu ambacho huenda kisije kabla ya kiharusi.

Lakini hukumu inayonikera kuliko zote ni ile wanayobebeshwa wazazi. Mtoto akigundulika ana kisukari, watu hunong'ona kwamba alilishwa peremende mno. Kisukari kinachowapata watoto mara nyingi ni cha aina ya kwanza: kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, mpaka seli hizo zinakwisha. Peremende hazileti hilo, wala mzazi asingeweza kulizuia kwa kufunga kabati. Hata katika aina ya pili, ambayo uzito unachangia sana, urithi una nguvu kubwa.

Mnong'ono huo una hatari yake. Mzazi anayeogopa kulaumiwa huchelewa kusema anachokiona, na ugonjwa huu haungoji. Mtoto anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa mara kwa mara, aliyeanza tena kukojoa kitandani ilhali alishaacha, na anayekonda japo anakula, apimwe sukari siku hiyo hiyo kwa tone la damu kidoleni. Akianza kutapika, kupumua kwa kasi na kwa kina, au kulegea na kusinzia, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Insulini ya kutibu ipo tangu mwaka 1922, na mtoto anayeipata kwa wakati anaweza kukua, kusoma na kuzeeka.