Tepu ya pande mbili isiyoshika

Nimechoka na hizi spoila za kubandika, yale mabawa ya nyuma ya gari. Nilinunua ya Subaru Impreza yangu, muuzaji akaniapia: "Bandika tu kaka, dakika tano umemaliza." Wiki ya pili, jua la saa nane likapiga, upande wa kushoto ukaanza kuinuka. Nikiibonyeza inashuka, nikipita kwenye tuta inanyanyuka tena.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayemwambia mteja ukweli. Tepu nzuri ya pande mbili inataka rangi isafishwe kwa spiriti hadi nta na mafuta yote yatoke, kisha gari likae kama siku 3 bila kuoshwa ndipo gundi ishike sawasawa. Hiyo niliyopewa mimi ilikuwa sponji tupu, ukiikwaruza kwa ukucha inamomonyoka kama mkate.

Na kuitoa sasa! Jioni nzima nimekaa na mshipi wa kuvulia, nakata gundi taratibu, mke wangu kashika mashine ya kukaushia nywele ili ilainike. Imetoka na rangi, kipande kama sarafu ya shilingi mia, pale pale juu ya buti.

Halafu bado wanauza yale matundu ya plastiki ya boneti. Kwenye WRX, ile Subaru yenye turbo, tundu lile lina kazi, linapeleka hewa kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo kilicholala juu ya injini. Hili la kubandika, chini yake limezibwa. Wauze, sawa, lakini waweke tepu inayoshika na maelekezo ndani ya boksi.