Ocean Road: foleni, mivinje na kivuli cha asiye na gari

Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, magari ya Masaki na Oysterbay, jijini Dar es Salaam, hayalazimiki tena kubanana kwenye Daraja la Salenda. Yanapita juu ya maji na kushukia karibu na Hospitali ya Aga Khan, kwenye barabara iliyobatizwa Barack Obama Drive mwaka 2013, ingawa mjini bado wengi tunaiita Ocean Road. Foleni ikishika pale, dereva ana muda wa kutosha kuitazama ile mivinje na minazi ya upande wa bahari na kujiuliza kwa nini miti isikatwe, barabara ipanuliwe na eneo lote lile liwe lami.

Swali lake si la kijinga. Sensa ya 2012 iliwakuta Dar es Salaam watu milioni 4.36, ya 2022 ikawakuta milioni 5.38, na barabara za katikati ya mji ni zilezile. Hospitali mbili kubwa ziko kandokando ya barabara hii, na gari la wagonjwa likikwama halikwami kwa sababu ya anasa ya mtu. Mivinje nayo si malaika: matawi yake huvunjika upepo ukizidi, na giza likiingia chini yake ni pazuri kwa vibaka. Tena miti peke yake haikuizuia bahari. Mawimbi yalikula ufukwe mpaka ukalazimika kujengwa ukuta, na ukuta ule ndio umeiokoa barabara yenyewe.

Kuna na hoja ya historia, ambayo husemwa kwa kebehi: hii ni barabara ya wakoloni, ya nini kuilinda? Kweli, ilikuwa yao. Wajerumani walipoufanya mji huu makao yao makuu mwaka 1891, upande huu wa bahari, wenye upepo, waliuweka kwa ajili yao. Waingereza wakaurithi mpango uleule: Uzunguni huku, Uhindini pale, Mwafrika Kariakoo. Mswahili alifika hapa akiwa amebeba chai ya mwenzake. Lakini nenda leo siku ya Idd Mosi uone ni nani waliojaa chini ya miti hiyo: familia za Mbagala, Manzese na Buguruni, watoto na nguo mpya, madafu, ubuyu, baiskeli za kukodi. Mahali palipokuwa pa wachache pamekuwa pa wote bila tiketi wala mlinzi wa getini. Sioni namna nzuri zaidi ya kumjibu mkoloni.

Ila kinachonikaa rohoni zaidi si Idd, ni siku za kazi. Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897, ndiyo hospitali ya taifa ya saratani. Tiba ya mionzi mara nyingi haitolewi siku moja ikaisha. Dozi hugawanywa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki, pengine wiki kadhaa mfululizo. Kwa hiyo mama aliyetoka Kigoma haji peke yake. Anakuja na binti au shemeji, na huyo msindikizaji anapaswa kuwa mahali fulani kuanzia asubuhi hadi jioni, wiki nzima, kwenye jiji lenye joto na unyevu kama hili. Hana hoteli. Hana gari la kukaa akiwasha kiyoyozi. Anachohitaji ni kivuli, upepo wa bahari, na mahali ambapo hatafukuzwa. Katika hesabu za wahandisi dakika za dereva huandikwa, lakini saa za msindikizaji huyu sijui huandikwa kwenye safu ipi. Mwongeze mvuvi anayerudi kwa miguu kutoka Feri, kwenye soko la samaki, mfagiaji wa barabara na muuza madafu, halafu uniambie miti hiyo ni pambo la nani.

Jibu la haraka huwa ni lile la kampeni: kata mti, panda mti. Kwenye karatasi hesabu inalingana. Ardhini hailingani, kwa sababu mche haumfuniki mtu. Na ufukweni kuna ugumu zaidi: upepo wa kaskazi huja na chumvi inayounguza majani ya miti mingi. Mvinje huivumilia, ndiyo maana husimama mstari wa mbele na kuikinga mikungu na miembe iliyo nyuma yake. Ukiondoa mstari huo, umeuanika na wa pili.

Na kwa faida gani? Tuseme njia zimeongezwa. Magari yatakimbia mpaka Magogoni, kisha yatakutana na Ikulu, Feri na mitaa finyu ya Kivukoni, ambako hakuna wa kubomolewa. Foleni itakuwa imehama kilomita mbili tu. Mabasi mengi yenye nafasi za uhakika yangewapitisha watu wengi zaidi kwenye lami iliyopo.

Kisheria, ulinzi ni mwembamba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo hata ya Wajerumani hayamo mpaka waziri ayatangaze kuwa ya kuhifadhiwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuuathiri ufukwe, ndani ya mita 60. Barabara yenyewe imo ndani ya mita hizo. Waziri akiutangaza ukanda wote, barabara na miti pamoja, kuwa wa kuhifadhiwa, mkandarasi atalazimika kuuliza kwanza. Na pale ambapo mti lazima uondoke, kwa ugonjwa au usalama, sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiliwe mpaka miche yake ivuke misimu miwili ya kiangazi ikiwa hai. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja mbele ya kamera. Kumwagilia Januari, hakuna anayealika waandishi.