Watu wazima, rudini nyuma!

Msitu wa hadithi wa Efteling, bustani ya burudani kule Kaatsheuvel, Uholanzi, uko pale tangu 1952 kwa ajili ya watoto. Mbona basi mstari wa mbele umejaa watu wazima walioinua simu? Langnek, sanamu ya mtu wa shingo ndefu, hurefusha shingo taratibu, kisha huishusha. Mtoto wa kimo cha mita moja anaambulia kuona migongo tu. Ukisimama nyuma unaiona vizuri, maana shingo ile inapita vichwa vyote! Kigari cha mtoto nacho kiegeshwe pembeni, siyo katikati ya njia. Na kwa Holle Bolle Gijs, lile pipa la taka linaloita “Papier hier” (karatasi hapa) na kuvuta karatasi, mwacheni mtoto aitie mwenyewe. Inaudhi mno kuona baba mzima anamnyang'anya ili apige video.