Ukishashika geti la jirani, risasi ya nini?

Juzi tumekaa tunapiga stori, jamaa mmoja akasema "Lesotho siyo nchi bwana, ni mkoa wa Sauzi tu." Watu wakacheka. Mimi ikanikaa kooni, haijatoka mpaka leo.

Jamani ile nchi imezungukwa pande zote. Mafuta, unga, dawa, vyote vinapitia Sauzi, hata pesa yao, Loti, inaenda sawasawa na Randi. Sasa turudi Januari 1986. Waziri Mkuu Leabua Jonathan amegoma kuwatimua wakimbizi wa ANC, chama kilichokuwa kinapigana na utawala wa Makaburu Sauzi, na alishaonywa vibaya maana Desemba 1982 makomando wa Makaburu waliingia Maseru, mji mkuu wa Lesotho, usiku wakaua watu 42, wakiwemo Wasotho wasiohusika kabisa. Bado akagoma. Basi wakambana boda. Hakuna aliyetangaza vita, malori yanasimama tu, mafuta yanakata, watu wanaanza kuangaliana. Tarehe 20 jeshi lake mwenyewe likampindua, Jenerali Lekhanya akakaa kwenye kiti, siku chache baadaye wana-ANC wanapandishwa ndege waondoke na boda ikaachiwa.

Na hapa ndo panaponiuma zaidi. Oktoba mwaka huohuo Lesotho na Sauzi wakasaini mkataba wa kupeleka maji ya milimani Sauzi, mradi uliokuwa umevutaniwa miaka na miaka. Maji ndo kitu pekee Lesotho ilikuwa nacho ambacho mkubwa alikihitaji kweli, ndo ilikuwa karata yake, halafu inaenda mezani kupanga masharti na mtu aliyetoka kuifungia chakula juzijuzi! Leo ukifungua bomba Johannesburg, sehemu ya maji hayo imetoka bwawa la Katse, imepita kwenye mahandaki chini ya milima ya Wasotho.

Sawa, wanalipwa mrabaha, na umeme unaozalishwa na maji hayo kituo cha Muela ni wao, hilo sikatai. Na Makaburu waliondoka 1994.

Ila Septemba 1998, Mandela akiwa rais, jeshi la Sauzi likavuka boda kuzima vurugu za uchaguzi. Waziri Mkuu wa Lesotho ndiye aliyeomba msaada, kweli. Lakini siku ya kwanza tu helikopta zilienda Katse, na askari 16 wa Lesotho waliokuwa wanalinda bwawa wakafia palepale. Vurugu zilikuwa Maseru mjini. Katse ni mbali, huko juu milimani, sasa kule walifuata nini zaidi ya maji?