Kijana, usiuogope wali baada ya vyuma

Juzi jioni tulitoka kupiga vyuma, mimi na kijana mmoja ambaye mchana hubeba mizigo soko la Mwanjelwa, tukaingia kwa mama ntilie. Tukaagiza wali maharage na mayai mawili mawili ya kuchemsha. Mwenzangu akabandua mayai, akala sehemu nyeupe tu, akaokota punje chache za maharage, wali akausukumia pembeni. Nikamuuliza kulikoni.

"Kaka, wanga baada ya mazoezi unaharibu mwili. Nataka mafuta yaishe, misuli ionekane."

Tangu alfajiri alikuwa akishusha viazi vya Uporoto kwenye lori, magunia ya lumbesa, yale yanayofungwa na kichwa juu. Jioni akachuchumaa na vyuma mabegani seti tano. Sasa anataka kulala na ute wa mayai mawili, kesho saa kumi na moja alfajiri arudi kwenye lori. Iliniuma, kwa sababu siyo yeye peke yake. Karibu kila jimu ninayoingia hapa Mbeya nakuta vijana wenye bidii wanaojinyima chakula kile kile kinachowajenga.

Misuli ikifanya kazi nzito huchoma wanga uliowekwa akiba ndani yake, unaoitwa glaikojeni. Akiba hiyo hurudi ukila wanga: wali, ugali, viazi, ndizi, magimbi. Anayefanya mazoezi mara moja kwa siku hana haja ya kuharakisha, milo yake ya kawaida itaijaza kabla ya zamu ya kesho. Lakini anayerudia kazi nzito baada ya saa chache, kama huyu ndugu yangu, anatakiwa kuanza mapema. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza takribani gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Sahani ya wali yenye gramu 300 ina wanga wa gramu 80 na ushee. Ule wali alioukwepa ndio aliouhitaji kuliko sisi wote pale mezani. Kuhusu mafuta, yanapungua pale chakula cha siku nzima kinapokuwa kidogo kuliko kazi ya siku nzima. Hayapungui kwa kumsusia mama ntilie sahani moja.

Kiini nacho asikitupe. Kina zaidi ya theluthi ya protini ya yai zima.

Upande wa pili wapo wanaoamini kwamba usipomeza protini ndani ya nusu saa baada ya kuweka vyuma chini, mazoezi yote yamekwenda na maji. Nimeona mtu akikimbilia begi lake kama anayewahi basi la Tunduma. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliyakusanya majaribio kuhusu jambo hili wakayapima kwa pamoja, wakakuta kwamba faida ya kuwahi ilitoweka pale walipohesabu protini yote ya siku. Misuli iliyofanyishwa kazi huendelea kujijenga kwa siku nzima au zaidi. Anayetakiwa kuwahi ni yule aliyefanya mazoezi alfajiri akiwa hajatia kitu tumboni tangu jana. Huyo ale mara amalizapo.

Kiasi kinachotosha? Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha majaribio 49 ulionyesha kwamba faida kwa misuli hufikia ukingoni kwenye gramu 1.6 hivi za protini kwa kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 112. Asubuhi mayai matatu na kikombe cha maziwa ni gramu 26. Mchana wali na maharage sahani ya kushiba, 25. Jioni ugali wa dona na dagaa wakavu wa kujaza kiganja, tuseme gramu 40 za dagaa, unapata 40 nyingine. Ongeza kikombe cha pili cha maziwa na karanga za kutafuna, 20. Umefika 111, na hakuna kopo la unga wa protini lililofunguliwa.

Makopo nayajua. Niliwahi kutoa zaidi ya nusu ya mshahara wangu kwenye duka moja hapa mjini nikapewa kopo la unga wa protini ambalo tarehe yake ilikuwa imekwanguliwa, na unga ndani umeshikamana mabonge. Sikurudishiwa hata senti. Unga halali ni chakula tu, maziwa yaliyokaushwa na kuchujwa. Mwenye uwezo anunue. Ila kijana anayelipwa kwa gunia asikope kwa ajili yake.

Na mayai mabichi tuachane nayo. Jaribio lililofanyika Ubelgiji mwaka 1998 lilionyesha kwamba protini ya yai lililopikwa mwili hunufaika nayo kwa asilimia 90 hivi, ya yai bichi karibu nusu tu. Unalinunua yai zima unakula nusu, na bakteria juu.

Narudi kwenye maharage, maana hapa ndipo nyanda zetu zimebarikiwa. Protini hujengwa kwa vipande vidogo, na viwili kati yake ni lisini na methionini. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa methionini, mahindi yanayo. Bibi zetu waliopika kande hawakuwa na majina haya, lakini chungu chao kilitimiza hesabu. Shida ninayoisikia kwa mabachela ni mkaa. Kweli, Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, hivyo maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Dawa yake ni kuloweka. Chagua maharage ya njano ya msimu huu, ya zamani huwa magumu. Loweka usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi maganda yamejikunja na punje zimevimba karibu mara mbili. Mwaga yale maji, weka mapya, funika sufuria vizuri, chumvi baadaye. Sufuria moja ya Jumapili inafika Jumatano ukiiweka kwenye friji, mradi uyachemshe upya kabla ya kula.

Yule kijana nilimsogezea sahani yake, nikamwambia, "Mdogo wangu, umebeba lori zima leo." Akauvuta wali taratibu. Alipomaliza akamgeukia mama: "Mama, maharage yamebaki?" Akamwagiwa upawa mwingine.