Si kurithi, ni mafindofindo
Nimesoma makala ambayo mwandishi anasema mtoto wa shule mwenye vali mbovu ya moyo (kilango kinachozuia damu isirudi nyuma) "amerithi". Hapana jamani. Huku kwetu Moshi mara nyingi chanzo ni mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa: wiki 2 au 3 baadaye kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo na moyo wenyewe; hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti yanavimba, yanapona, wazazi wanasahau. Kumbe vali ya upande wa kushoto inaota makovu, haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma na kulemea mapafu. Ndiyo maana akipanda kilima cha Kibosho anahema, na usiku anataka mito 3 ya kulalia ili apumue. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 (inauma kwelikweli) hainyooshi vali. Inazuia homa hiyo isirudi kuibomoa zaidi. Ukiruka miezi 2 kwa sababu mtoto anacheza mpira vizuri, kinga ya sindano imeisha.